Daftari la Mapigo: Mtani Makaburini

Wiki jana tulimwacha Mselem amepiga magoti kwenye kona ya tatu ya kiwanja, vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa Zebedayo, na watu mia tatu wanamcheka. Niliwaachia hapo kwa makusudi. Barua nilizoletewa! Bwana mmoja wa Pangani ameapa kwamba kama Zebedayo amekufa, yeye hanunui tena gazeti hili.

Haya, bwana wa Pangani, kaa na senti zako. Amekufa.

Mselem aliyatafuta mapigo akayakosa. Akasogeza vidole kidogo, akayakosa. Akafumba macho kama alivyofundishwa, akahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Mkono ulikuwa wa moto bado, umelowa jasho, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Mzike basi!" mtu alipiga kelele kutoka kwenye mabenchi. "Mzike mtumwa wako, Mzigua!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko upya.

Kwa anayeanza kusoma leo nitasema upesi, maana hadithi inakimbia. Ni mwezi wa Machi, mwaka wa hamsini na sita, katika Chuo cha Ualimu Kwasemwali, mwendo wa saa moja kwa baisikeli kutoka Tanga mjini. Vijana kumi na wawili wamechaguliwa kusomea mazoezi ya viungo: majina ya misuli, kazi ya moyo na mapafu, namna ya kupanga watoto mistari na kuwafundisha kukimbia na kuruka. Mselem bin Kombo ni Mzigua wa Mkwaja. Zebedayo ni Mnyamwezi aliyezaliwa kambini, katika shamba la mkonge la Mlingoti, baba yake alikoletwa manamba, kibarua wa mkataba.

Na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Hilo sina haja ya kumweleza mtu wa Tanga. Mtani humwita mwenziwe mtumwa, humnyang'anya nyama sahanini, humzika akiwa hai. Muhula ule peke yake Zebedayo alikuwa "amekufa" mara tatu. Mara ya kwanza alianguka kutoka kwenye farasi wa mbao wa kurukia, mara ya pili kwenye kamba, mara ya tatu mezani, kwa sababu ya maharage. Kila mara Mselem alimlilia kwa sauti ya kike, na akifika kilio cha tatu maiti alikuwa akiruka juu akidai sigara.

Kwa hiyo siku hiyo ya ukaguzi, wageni kutoka idarani wameketi, Zebedayo alipoanguka kifudifudi katikati ya mbio za maili moja, Mselem alikimbia kumwendea huku anacheka. Alimgeuza. Akavua fulana yake mwenyewe, akamfunika uso.

"Uwii! Mtumwa wangu kafa! Nani atanichotea maji?"

Watu wakashika mbavu. Wageni wakacheka kwa kuwa wenyeji wanacheka. Mwalimu Idarusi, mkuu wa darasa lile, alicheka mpaka akasahau kuisimamisha saa ya mbio mkononi mwake.

Mselem akalia kilio cha pili. Akalia cha tatu. Fulana haikutikisika. Akalia cha nne, na hicho alikilia polepole, ndipo akashika mkono.

Mwalimu Idarusi aliisimamisha saa yake hapo tu, na muda wa mbio ulipotolewa baadaye, ilionyesha kwamba tangu Zebedayo aanguke mpaka aguswe zilipita dakika mbili na nusu.

Mselem aliondoa fulana usoni mwa rafiki yake, akaitazama, akaivaa. Kwa nini aliivaa, hata yeye hajui. Jua lilikuwa kali.

"Mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chaki, "hana mapigo."

* * *

Mngetaka nikwambieni kwamba alilia, alijigaragaza, alirarua nguo. Nami ningetaka. Mwandishi wa gazeti anakula kwa machozi ya watu. Lakini Mselem alisimama tu pale wakimbeba Zebedayo kwenye machela, kisha akaenda kuokota bendera za kona, moja moja, nne zote, kwa kuwa zamu ya bendera ilikuwa yake. Akazihesabu. Akazirudisha stoo.

Vidole vyake viwili, kile cha shahada na cha kati, vilikuwa vimekufa ganzi. Aliviuma, na havikuuma.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipo na siri.

Katika darasa lile kila mwanachuo alikuwa na mwenzi. Kila asubuhi kabla ya uji, mwenzi alimshika mwenziwe mkono, akamhesabia mapigo ya moyo dakika nzima. Namba iliandikwa kwa wino katika daftari la mapigo, na kila Ijumaa Mwalimu Idarusi alitia sahihi. Moyo ukionekana una kasoro, mwenyewe hutolewa katika darasa, hurudishwa kufundisha watoto a, e, i, o, u.

Wiki ya pili tu Mselem aligundua kwamba moyo wa Zebedayo unaruka. Moja, mbili, tatu, nne, kimya. Moja, mbili, tatu, nne, kimya.

"Mtani," Zebedayo alimwambia siku ile, wala hakuwa akicheka, "ukiandika hivyo nimekwisha. Mama yangu ameanika katani miaka kumi na sita ili mimi nivae bukta nyeupe. Andika sabini na mbili."

"Na ile ya kweli?"

"Ya kweli iandike ukurasa wa nyuma, kwa penseli. Nikizeeka nitaisoma nicheke."

Mselem akaandika. Miezi sita, mbele kwa wino uongo, nyuma kwa penseli ukweli, na Idarusi akitia sahihi bila kufunua nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, Waswahili tumesema. Lakini methali ile haisemi lolote juu ya yule aliyemsaidia kuficha.

Na tazameni matokeo yake! Jioni ileile Bwana Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu mwenye haya, aliliomba daftari. Idarusi akalifunua kurasa za mbele. Sabini na mbili, sabini na nne, sabini na mbili.

"Moyo mzima kabisa," akasema Bwana Mkuu. "Moyo wa namna hii hausimami kwa maili moja. Alikula nini kijana huyu?"

Dresa wa chuo, mtu wa dawa na bandeji, alikuwa na jibu. Wanachuo wote walikuwa na jibu. Zebedayo alionekana, robo saa kabla ya mbio, akinywa kikombe kizima cha uji wa tangawizi langoni, kwa Mwatumu.

Mwatumu ni mama wa makamo anayeuza uji na vitumbua pale langoni. Ni dada wa baba yake Mselem. Ndiye aliyemlea tangu ananyonya, na ndiye aliyehama Mkwaja kumfuata mpaka chuoni ili kijana asile chakula cha watu.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, askari wawili walikuja na baisikeli, wakamchukua pamoja na sufuria yake.

* * *

Mselem alimkuta kituoni ameketi sakafuni nyuma ya vyuma, kanga ameifunga vizuri kama aliye safarini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa." Alimtazama usoni kwa muda. "Mbona hujalia?"

"Sijui."

"Lia, baba. Mwenzio yule. Kilio kikikaa ndani huoza."

"Hakiji, shangazi."

Askari mezani alikuwa akichonga penseli kwa wembe. Mselem alizitazama zile taka za penseli zikianguka, akaona kwamba ni za rangi nyekundu. Aliona kila kitu, na hakuna kilichomgusa.

Mwatumu akasogea karibu na vyuma, akashusha sauti.

"Nikuulize, Mselem. Uniambie kweli. Wanasema nimemtilia kitu. Wallahi sikumtilia kitu ila tangawizi na sukari guru. Lakini usiku kucha nawaza, je, kama alikuwa na lake moyoni? Wewe ndiwe uliyekuwa ukimhesabia kila siku. Moyo wake ulikuwa mzima?"

Nyinyi mnajua alichopaswa kusema. Mimi najua. Hata taka za penseli sakafuni zilijua.

"Ulikuwa sabini na mbili," akasema Mselem.

Ilimtoka yenyewe. Alikuwa ameiandika mara nyingi mno.

Mwatumu akaitikia kwa kichwa, polepole. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyepokea hukumu.

"Basi ni mimi," akasema. "Labda tangawizi ilikuwa kali. Jana niliiponda nyingi, alisema anataka nguvu. Ewe Mola wangu. Nimeua mtoto wa mtu."

"Shangazi, siyo..."

"Nenda kamzike. Nenda kamwombee mama yake anisamehe. Mimi nitawaambia hawa kwamba ni mimi, nisiwasumbue."

"Saa imekwisha," akasema askari, akipuliza penseli yake.

Mselem alijikuta nje juani. Ningemzaba kofi, wasomaji, kama ningekuwa karibu. Lakini hata kofi nadhani asingelisikia.

* * *

Hata hivyo miguu yake ilikuwa na akili kuliko yeye. Ilimchukua moja kwa moja mpaka ofisi ya Mwalimu Idarusi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Funga mlango."

Daftari lilikuwa mezani. Lilikuwa limefunuliwa ukurasa wa nyuma, na Idarusi alikuwa amekalisha miwani juu yake. Alikuwa mtu mnadhifu, suruali yake fupi imepigwa pasi mpaka ingekata mkate. Asubuhi ile hakuwa amenyoa ndevu.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, mwalimu."

"Unaruka kila baada ya mapigo manne. Tangu Septemba."

"Ndiyo, mwalimu. Nimekuja kusema. Shangazi yangu hana kosa. Nitamwambia Bwana Mkuu."

Idarusi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Utamwambia nini? Kwamba mpwa wa mshitakiwa amekumbuka jambo leo, saa chache baada ya askari kumchukua shangazi yake? Nani atakuamini?"

"Ukurasa huo utaniamini."

"Na ukurasa huu una sahihi yangu upande wa pili!" Idarusi alipiga meza. Kisha akashusha sauti, na sauti hiyo ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. "Sikiliza, Mselem. Mimi ndiye Mwafrika wa kwanza kupewa darasa la namna hii katika jimbo hili. Miaka mitatu niliwaomba. Waliniambia mtu mweusi atafundisha kuruka kamba, hatafundisha moyo. Wakijua kwamba nilitia sahihi miezi sita bila kuhesabu hata mkono mmoja, kesho darasa linafungwa. Wenzako kumi wanarudishwa makwao. Wewe pia."

"Na shangazi?"

"Sufuria yake imepelekwa Dar es Salaam kupimwa. Hawataona kitu. Watamwachia."

"Lini?"

Idarusi alichukua miwani yake, akaivaa.

"Yeye mwenyewe anasema atakiri, mwalimu. Anaamini kweli amemuua."

Mwalimu akalifumba daftari, akalitia mfukoni mwa koti.

"Nenda kajitayarishe," akasema. "Maziko ni saa tisa. Mimi nilimpenda yule mtoto, usidhani sikumpenda."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililoudhi.

* * *

Saa tisa kambi ya Mlingoti ilijaa. Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, watu waliochanika mikono kwa miiba ya mkonge, wote wamevaa nguo zao za Jumapili. Jeneza lilikuwa la mbao za masanduku, nalo lilikuwa wazi, limewekwa juu ya viti viwili mbele ya chumba cha mama yake.

Benedikta, mama yake Zebedayo, alikuwa mwanamke mfupi, viganja vigumu, rozari shingoni. Hakulia kwa kelele. Alikuwa amekaa kichwani mwa jeneza akifukuza nzi.

Mselem alimpigia goti. "Mama. Shangazi yangu anaomba..."

"Baadaye," akasema Benedikta. "Kaa hapa karibu."

Mwalimu Idarusi akatoa hotuba. Alimsifu marehemu kwa nidhamu, kwa mbio, kwa ucheshi. Kisha akasema kwamba askari huzikwa na heshima zake, na mwanamichezo vilevile. Akaweka kifuani mwa Zebedayo filimbi ya chuo. Pembeni yake akaweka fulana ya mbio ya chuo, nyeupe yenye mstari wa kijani, ameikunja kunja ikawa furushi nene. Watu wakaguna kwa kuridhika. Bwana Mkuu, aliyesimama nyuma na kofia yake mkononi, akatikisa kichwa kukubali.

Mselem aliitazama ile fulana. Iliyokuwa mwilini mwake jana ilikuwa ya namna ileile. Kifuniko kikapigiliwa misumari.

Makaburini, ng'ambo ya safu za mkonge, padre alimaliza sala zake. Jeneza likashushwa. Wanaume wakashika majembe, udongo wa kwanza ukadondoka juu ya mbao.

"Ngojeni!"

Alikuwa Benedikta.

"Mtani wake yuko wapi?"

Wenye majembe wakatazamana.

"Mwanangu ni Mnyamwezi," akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Hafukiwi kimyakimya. Baba yake alipokufa, Wazigua walimlalia kaburini mpaka tukatoa jogoo. Mtani wa mwanangu yuko wapi?"

Macho yote yakamgeukia Mselem. Mikono ikamsukuma. Mtu akasema, "Haya, Mzigua, kazi yako."

Hakutaka. Lakini mtani hakatai, na tangu jana Mselem alikuwa akifanya kila aliloambiwa. Akaruka ndani. Akaketi juu ya udongo ule mchache, juu ya jeneza, miguu ameinyoosha.

"Hafukiwi mtu hapa!" akasema. "Nani kamruhusu mtumwa wangu kufa? Mimi sijamruhusu!"

Kicheko cha kwanza kikapita, kicheko chenye machozi ndani, ambacho ndicho dawa ya kazi ile. Wanawake wakafuta macho kwa ncha za kanga.

"Mvivu huyu! Maili moja imemshinda. Bibi yangu wa Mkwaja hukimbia maili moja akifukuza nyani!"

Wakacheka.

"Leteni jogoo, au nalala naye!"

"Jogoo utapata!" akaitikia mzee mmoja.

 Mselem aliviangalia vidole vyake viwili. Na hapo, wasomaji, ndipo alipotambua kitu. Mtani kaburini ana ruhusa ya kusema lolote. Hakuna wa kumnyamazisha, si padre, si mwalimu, si Mzungu. Mahali pale palikuwa ndipo mahali pekee duniani alipoweza kusema.

"Mnajua nani kamuua?" akauliza.

"Nani?"

"Mimi!"

Makaburi yakalipuka kwa kicheko.

"Ni mimi! Nilimhesabia moyo miezi sita. Moyo mbovu! Unaruka kama chura! Na mimi nikaandika sabini na mbili. Kila siku sabini na mbili!"

"Ehee, mtani!" mzee yule alikuwa amejishika tumbo. "Ongeza!"

"Akaanguka nami nikamfunika fulana. Bado yu hai, nikamlilia! Labda alikuwa akinisikia. Dakika mbili na nusu nimekaa nacheka!"

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Ilikuwa miaka hawajamwona mtani hodari vile. Kadiri alivyozidi kusema kweli, ndivyo walivyozidi kushika mbavu.

"Sitanii!" akapiga kelele Mselem, akainuka. "Shangazi Mwatumu hana kosa! Mwachieni! Sitanii!"

"Hatanii!" wakaitikia, wakacheka tena.

Yule kijana aliyedhania kifo ni utani alikuwa sasa amesimama kaburini, na watu wanadhania ukweli wake ni utani. Mimi nimeandika hadithi nyingi katika gazeti hili, na sijawahi kuwaonea watu wangu namna hii.

Mtu mmoja tu hakucheka, kwa sababu hakujua kama ilipasa kucheka. Bwana Mkuu alikuwa na Kiswahili cha kufaulia mtihani, cha makaburini hakukijua. Akamwinamia Idarusi.

"Kijana huyu anasema nini juu ya moyo?"

"Ni utani, Bwana," akasema Idarusi. "Ni desturi yao tu."

Bwana Mkuu akaitikia kwa kichwa. Lakini kofia hakuivaa.

Wakamvuta Mselem juu kwa mikono. "Umefanya vizuri, mwanangu," mzee akampigapiga begani. "Jogoo wako yuko jikoni." Majembe yakaanza kufanya kazi. Mbao zikapotea, udongo ukafika nusu ya kaburi.

Mselem alisimama pale, mikono imening'inia. Hakusikia chochote, wala huzuni, wala aibu. Alisikia tu majembe.

Ndipo mtu akamshika mkono.

Alikuwa Benedikta. Hakumshika kama mtu anayefariji. Aliugeuza mkono wa Mselem kiganja juu, akaweka vidole viwili kwenye kifundo, mahali penyewe hasa, pale ambapo mtu asiyefundishwa hapajui. Akafumba macho. Midomo yake ikaanza kwenda.

Watu wa karibu wakaacha kucheka. Kisha wa mbali. Majembe nayo yakasimama.

Alihesabu dakika nzima. Na vidole vile vigumu vya kuanika katani ndivyo kitu cha kwanza ambacho Mselem alikisikia mwilini mwake tangu jana.

"Yako hayaruki," akasema Benedikta, akafumbua macho. "Ya mwanangu yaliruka. Manne, halafu kimya."



"Alinifundisha Krismasi," akaendelea. "Akaniketisha kitandani akasema, mama, hesabu moyo wangu, uone mwanao anasoma nini. Nikahesabu. Nikamwambia, mbona linapotea moja? Akacheka. Akasema, mama hujui kuhesabu, ukitaka namba ya kweli muulize mtani wangu. Nikasema basi nitamuuliza Pasaka akija kula."

Pasaka ilikuwa wiki mbili mbele.

"Mama," akasema Mselem. "Mama, nisamehe." Machozi yakaja yote kwa pamoja, ya jana na ya leo, akalia kwa mdomo wazi mbele ya watu, mkono wake bado umo katika mkono wa Benedikta.

Mama yule hakusema kama amemsamehe au hakumsamehe. Alimgeukia Mzungu.

"Bwana Mkuu," akasema, taratibu, kwa Kiswahili cha kumfaa mgeni. "Mtani huyu hatanii."

Bwana Mkuu alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mwalimu Idarusi," akasema, "nataka daftari lile. Sasa hivi."

"Liko ofisini, Bwana. Limefungiwa."

Alisema bila kusita. Lakini macho ya mtu hayajui kusema uongo. Macho ya Idarusi hayakwenda upande wa chuo. Yalishuka, kwa nukta moja tu, kaburini.

Mselem aliyaona. Na papo hapo akaikumbuka fulana. Fulana ya mbio ni nyepesi, ukiikunja inaingia katika ngumi. Ile iliyowekwa kifuani mwa Zebedayo ilikuwa nene na ina pembe.

"Limo ndani," akasema. "Ndani ya jeneza. Amelikunjia kwenye fulana."

Idarusi akarudi nyuma hatua moja.

 Padre akanyanyua mkono. "Benedikta, mwanangu, aliyekwisha kuzikwa amezikwa. Mwachie Mungu."

Benedikta alitazama kaburi la mwanawe lililojaa nusu. 

"Mungu ninamwachia Zebedayo, padre," akasema. "Lakini kuna mwanamke sakafuni kituoni, anaungama kwamba ameua mtoto wangu."

Akauachia mkono wa Mselem. Akamwendea mzee aliyekuwa karibu, akachukua jembe mikononi mwake, akashuka kaburini na viatu vyake vya kanisani. Kisha akainua uso.

"Shika na wewe lako, mtani," akasema. "Tumfukue."